Wifi Haipatikani

Meza ya vifurushi,
9 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi huku wazima, ukimtoa binti yetu ambaye jino lake la mbele limeng'oka na sasa anaongea huku ameziba mdomo kwa daftari. Mimi mgongo unaniuma, maana ofisi imeleta viti vipya, na aliyevichagua bila shaka ni mtu asiyekaa. Kaka yako mzima, kitambi kimeanza, nami nasifiwa kwa hilo kana kwamba nimejenga nyumba. Na wewe, kile kikohozi kilichokulaza mwezi wa kumi na mbili kimeisha kweli, au unatufariji tu?

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kaka yako akishika simu huweka spika, na majirani wote hujibu salamu. Barua inaingia kwenye mfuko wa ofisi pamoja na mizigo, inakufikia bila wapokezi.

Jambo lenyewe ni kile kifaa cha ramani ulichompa alipokuja kukuuguza. Amekifunga kwenye usukani wa pikipiki na anakipangusa asubuhi kabla hajanawa uso. Sasa tangu wiki mbili zilizopita kioo kimefifia. Jua likiwa kali ndipo kinapozidi kuwa giza, njia haionekani. Usiku kinaonekana vizuri tu, lakini usiku hapeleki vifurushi. Juzi aliinama kukikinga kwa kiganja, nusura agonge mkokoteni wa maji. Akaniambia, "Mwandikie dada, yeye ndiye anayekijua." Basi nimeandika.

Zamani alikuwa akipotea ananipigia mimi hapa mezani. Miaka tisa napanga vifurushi, nazijua nyumba zote za mji huu, hata zenye mbwa. "Niko kwenye ukuta wa kijani, nipite wapi?" Namwambia, "Zunguka nyuma ya fundi wa matairi, utaona mlango wa bati, gonga kwa nguvu, mzee hasikii." Mara kumi kwa siku, wifi. Siku hizi simu imelala na mimi nafanya kazi kwa utulivu.

Tuambie tufanyeje kuhusu kioo.

Wifi yako


Karakana, ghorofa ya pili,
28 Februari

Wifi yangu,

Barua yako imenikuta mezani, katikati ya vifaa kumi na moja vilivyofunguliwa matumbo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe pole binti, mwambie shangazi yake alikaa bila meno ya mbele mwaka mzima na bado watu walimsikiliza. Kikohozi kimeisha. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi, na sasa napiga chafya, lakini chafya si ugonjwa.

Tuje kwenye kioo. Aina hii haikuruhusu kuchagua mchana au usiku, inajipimia yenyewe. Kwanza tazama pale kinapokaa kwenye usukani: kuna pini tatu za shaba. Zikiingia tope, umeme wa pikipiki haufiki, kifaa kinakula betri yake na kinapunguza mwanga ili kiishi. Zisugue kwa spiriti. Kaza pia waya unaotoka kwenye betri, pikipiki hutikisa kila kitu kikalegea. Kama si hayo, geuza kifaa utazame pembe ya juu kulia. Kuna kitundu kama kichwa cha pini. Hilo ndilo jicho lake. Likizibwa, kinadhani giza limeingia, na mchana kweupe kinaweka mwanga wa usiku. Lifute kwa kitambaa laini, usichokonoe.

Mwezi ujao ramani mpya zitatoka. Bonyeza mahali palipoandikwa "Sasisha", kitajimalizia chenyewe.

Na Kitinda, huyo mumeo, anaisikia vizuri sauti ya kifaa inayomwelekeza njia? Hakuna aliyetengeneza sauti ya lugha yetu kwa kifaa hicho, kwa hiyo nilikaa Jumapili tatu nikairekodi mwenyewe, misemo sitini na nne. Jirani aligonga kuuliza ni nani ninayemwambia akate kulia tangu asubuhi.

Mwambie kitinda mimba wa mama yetu kwamba mkono wa kuandika nilimfundisha mimi, na haukukatika siku ya ndoa. Zamani aliniletea kurasa nne kila mwezi. Sasa napata salamu kupitia kwa karani.

Ni mimi wifi yako


Meza ya vifurushi,
30 Machi

Wifi,

Usione kimya. Binti alishikwa na homa siku sita, imekwisha, na jino jipya limeanza kuchungulia. Kaka yako anakusalimu sana. Alisema niandike "sana" huku anafunga viatu.

Uliyoelekeza nimeyafanya yote. Pini nimezisugua, waya nimekaza, kitundu nimekifuta kwa kitambaa laini kama ulivyosema. Hakuna badiliko. Labda kifaa chenyewe kimezeeka, hata watu huzeeka.

Sasa umeingia ugonjwa wa pili. Ramani imepitwa na wakati. Ile njia ya pembeni ya ghala imefungwa, umejengwa ukuta. Alhamisi kaka yako alifika mbele ya ukuta ule na dawa za mgonjwa mgongoni, na kifaa kikawa kinamsukuma: "Nenda moja kwa moja, Kitinda. Moja kwa moja." Mimi ningemwambia kuhusu ukuta huo tangu tofali la kwanza. Hakunipigia.

Nikabonyeza "Sasisha". Unajua kilichoandikwa? "Wifi haipatikani." Nikamwonyesha kaka yako, akacheka mpaka akakaa chini. Nikakijibu kifaa, yupo, ila barua zake huchukua wiki tatu. Kikauliza tena, "Unataka kutafuta wifi nyingine?" Nikamwambia kaka yako, hilo nalo ni wazo.

Hapo nilikuwa bado nacheka. Halafu nikavaa helmeti yake nisikie hiyo sauti uliyoniandikia, maana inaingia masikioni mwake peke yake. Wifi, umesema "polepole, kuna kona". Umesema "usiharakishe, mdogo wangu". Umesema "umefika, pumzika kidogo". Mimi mkewe nikimwambia pumzika, naambiwa nina maneno mengi. Wewe ukisema anajibu, "Haya, dada." Anakijibu kifaa. Nimemsikia mwenyewe pale getini, injini imezimwa, na bado anasema haya, dada. Tangu asubuhi mpaka jioni uko ndani ya kofia ya mume wangu, na mimi niko kwenye meza yenye simu isiyolia. Nina wivu. Nimeandika neno lenyewe na silifuti.

Turudi kwenye ramani. Nilikibeba hadi ofisini penye intaneti. Kilipakua vizuri, kilipofika katikati kikaandika, "Nafasi haitoshi. Futa ramani moja." Kumbe zimo mbili, zina namba tu, hazina majina, na ya pili ndiyo kubwa. Nifute ipi?

Wifi yako


Karakana, ghorofa ya pili,
19 Aprili

Wifi,

Nashukuru mtoto amepona. Huku fundi mwenzangu ameacha kazi, meza yake imeletwa ubavuni mwa yangu, na vifaa vyake vimekuwa vyangu.

Usifute chochote. Namba mbili ni ya kiwandani, kifaa huja nayo, ukiigusa kitazima na hakitawaka tena. Usiifungue pia. Zima, subiri hesabu ya thelathini, washa, ujaribu kusasisha tena. Kikikataa, nitumie hapa kwenye mfuko wenu, nitakimaliza kwa nusu siku.

Kuhusu sauti, nikwambie ilikotoka. Mama yetu alipofariki Kitinda alikuwa na miaka mitano. Nilimvusha barabara kwa mkono huu huu ninaoandikia, kila asubuhi, miaka saba, na maneno niliyomwambia ndiyo hayo: polepole, tazama kulia, umefika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wewe ulimkuta mtu mzima aliyekwisha pigwa pasi. Mimi sikukuandikia kwamba nina wivu siku mlipohamia nyumba yenye chumba kimoja cha kulala na mkasema mgeni atalala sebuleni.

Msalimie. Mwambie aandike.

Wifi yako


Meza ya vifurushi,
11 Mei

Wifi,

Sisi wazima. Natumaini nawe mzima. Leo sina habari za mtoto.

Jumamosi ofisi ilipofungwa nilibaki peke yangu, nikafungua ramani ya pili. Kifaa hakikuzima. Iliyofunguka ni mitaa, wifi, mitaa mingi mikubwa, na mimi ninayejisifu kuijua mitaa sikuujua hata mmoja. Nikabonyeza "Nyumbani". Kwenye ramani ya kwanza mshale husimama mbele ya mlango wangu. Kwenye hii ulisimama kwenye mtaa unaouandika nyuma ya bahasha zako, nyumba namba kumi na saba. Kiwanda gani hicho kinachojua unakolala?

Kulikuwa na alama ya pili. Imeandikwa "Kazini kwa Kitinda". Ni yadi kubwa, na kutoka kwako ni dakika kumi na nne kwa pikipiki, kifaa kimeshapima.

Njia ya mwongo ni fupi. Ulinizuia kufuta kwa sababu nafasi imejazwa na mji wako. Mume wangu anapotea mbele ya ukuta, ramani ya kwetu haiingii, kwa kuwa ndani mmepangwa wewe na hiyo kazi yake. Umemtengenezea kitanda, ukanitumia mimi maelekezo ya kusugua pini.

Sijamwuliza. Naogopa atakachosema, na wewe ninakuchukia kwa sababu unajua atakachosema.

Kifaa nimekiweka kwenye mfuko pamoja na barua hii. Mume wangu nimemwambia kimekwenda kutengenezwa. Toa mji wako kwa mikono yako, urudishe. Taarifa nyingine ni kwamba tangu juzi amenipigia mara kumi na mbili. Jana alipotea makusudi, nadhani, maana aliniuliza njia ya kwenda posta, na posta iko mbele yetu.

Wifi


Karakana, ghorofa ya pili,
8 Juni

Wifi yangu,

Natumaini mko wazima wote watatu. Mimi ni mzima.

Kifaa kimefika. Nilikifungua asubuhi kabla mwenye karakana hajaja. Pini ni safi, waya ni mzima, betri haina neno. Nikatazama kitundu kwa lenzi. Kimezibwa kwa rangi ya kucha, wifi, nyekundu iliyoiva, tone moja lililopakwa kwa mkono uliotulia. Ninayo picha yenu ya harusi juu ya meza hii, na kucha zako zimeonekana vizuri. Umeandika kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hata yako haikufika mbali.

Nilikasirika mpaka nikatoka nje kusimama kwenye ngazi. Ule mkokoteni wa maji. Angeanguka pale, ungeniandikia barua gani? Kisha nikakumbuka ukuta wa ghala, na kwamba aliyezuia ramani mpya isiingie ni mimi na mji wangu niliouficha. Tungemuua wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na kwenye msiba tungegombea nani alie zaidi.

Nimeondoa rangi. Kioo sasa kinang'aa.

Na sasa nitasema. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa mgonjwa kuliko mlivyoambiwa. Siku tatu sikuweza kufungua mlango, na hakuna aliyegonga. Kitinda alipokuja nilimwambia kuna kampuni hapa inatafuta waendesha pikipiki wazoefu, mkataba miaka miwili, wanalala bwenini, familia haziruhusiwi, likizo ni mara moja kwa mwaka. Nilishamwombea. Alifurahi, wifi, nisikudanganye. Aliuliza pikipiki ni za aina gani. Nikamwekea ramani ya huku ili aanze kuijua mitaa. Halafu usiku wa mwisho akasema, "Muulize mke wangu. Akikubali nitakuja kesho yake. Akikataa usinitajie tena." Akakataa kukuuliza mwenyewe. Alisema akikuuliza yeye utakubali kwa ajili yake, halafu utalia jikoni.

Kwa hiyo ilibaki mimi nikuulize. Miezi sita nimekaa na swali hilo. Nimemlea, nimemsomesha, na leo nikitaka kumwona lazima nibishe hodi kwako. Shingo yangu ilikataa kuinama. Nikaona bora nikufundishe kusugua pini.

Nakuuliza sasa. Wifi, nakuomba umruhusu kaka yangu aje akae karibu nami miaka miwili. Sina mtu mwingine. Wanamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa tisa.

Ramani sikuzigusa. Zote mbili na sasisho hazitoshi pamoja, moja itabidi itoke. Nimekurudishia uamue.

Wifi yako


Meza ya vifurushi,
2 Julai

Wifi,

Salamu. Binti ameshika nafasi ya tatu darasani, jino limeota kidogo upande.

Rangi ya kucha ni mimi. Nilipaka ile asubuhi ambayo simu ilimaliza siku ya tano bila kulia. Sikufikiria mkokoteni. Kwa hilo naomba radhi, na nimemwambia kaka yako mwenyewe, akasema kumbe macho yake hayakuwa yakiharibika.

Asante kwa kuniuliza. Jibu ni hapana.

Jana jioni niliketi sebuleni na kifaa mapajani, nikamwita aje aone. Nikachagua namba mbili. Kikauliza, "Una uhakika?" Nikabonyeza ndiyo. Ulitoka mji wako wote, na mtaa wako, na ile yadi. Ya kwetu imeingia bila shida, ukuta wa ghala sasa umo. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alielewa ninachofuta. Alikwenda kuosha pikipiki.

Nimemaliza. Tusiandikiane kwa hasira, tuandikiane tu.

Wifi yako


Meza ya vifurushi,
25 Agosti

Wifi yangu,

Wiki nane hujajibu. Kila mfuko ukifika naumwaga wote mezani, wenzangu wameanza kuniuliza nasubiri nini. Nakuombea uwe umekasirika tu, usiwe umelala mgonjwa nyuma ya mlango. Kama hutaki kuandika, tuma hata bahasha tupu.

Huku wote wazima. Kioo kinaonekana, ramani ni mpya, vifurushi vinafika kwa wakati, mkuu wa ofisi amemsifu kaka yako mbele ya watu. Kwa kifupi, hakuna kilichoharibika, na mimi siwezi kukaa ndani ya nyumba yangu.

Hanigombezi. Ningependa anigombeze. Anarudi saa kumi na moja, ananisalimu, anakula, anasema asante. Asante, wifi, kama nimempokea safarini. Sauti yako ameizima, sikumwambia aizime. Nilimwuliza sasa anasikia nini humo ndani ya helmeti, akasema upepo. Simu yangu hailii, maana njia zote anazijua kwenye kioo. Wiki iliyopita nilimpigia mimi. Nikamwuliza uko wapi. Akanitajia jina la mtaa na namba ya nyumba, kisha kila mtu akabaki na simu yake sikioni, mpaka mmoja wetu akakata. Sikumbuki ni nani.

Jumapili nilimkuta na binti. Alikuwa anamchorea mitaa kwenye karatasi: barabara pana, mzunguko, yadi, nyumba namba kumi na saba. Anaikumbuka yote. Binti akamwuliza, "Baba, huku ni wapi?" Akasema, "Ni mahali pa shangazi." Hakuniona.

Usidhani nimekupenda ghafla. Wivu ninao bado. Nikifikiri kwamba utamwona akinywa chai asubuhi, na mimi sitamwona, nataka kuchana karatasi hii. Lakini niliyekuwa nikimwonea wivu ni yule aliyekuwa anacheka mpaka anakaa chini. Huyu niliyemzuia siye yeye, na sijui nimlinde wa nini.

Usiku nilimwambia aende. Akasema, "Ulishajibu." Akageukia ukutani.

Ndiyo maana nakuuliza, wewe fundi. Ramani iliyofutwa hurudishwaje? Niandikie hatua moja moja, nifuate. Mwezi wa tisa unakaribia.

Wifi yako


Karakana, ghorofa ya pili,
14 Septemba

Wifi yangu,

Mimi mzima. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu hazijui kuandika. Nimeiuliza kampuni, nafasi bado ipo.

Ramani iliyofutwa hairudi. Inaingizwa upya. Nimekuwekea kwenye bahasha hii flashi ndogo, imefungwa kwa pamba.

Kitoe kifaa kwenye pikipiki, ukichaji mpaka kijae. Usianze kabla hakijajaa, umeme ukikatika katikati kitakufa kweli, safari hii sisemi uongo. Chomeka flashi upande wa kushoto. Kitakwambia nafasi haitoshi, maana ramani yenu mpya ni kubwa kuliko ile ya zamani. Haziwezi tena kukaa pamoja. Ili ya huku iingie, itabidi ufute ya kwenu.

Najua ninachokuandikia. Hakuna njia nyingine, nimejaribu hapa mezani kwa kifaa cha aina hiyo hiyo mara tatu.

Kikikuuliza kama una uhakika, usijibu peke yako. Mwite aje asimame pale pale aliposimama siku ile. Maneno ameshayakataa, lakini yeye ni mtu wa kuamini anachokiona. Bonyeza akiona. Itachukua kama saa moja. Msiondoke hapo, kaeni nayo wote wawili mpaka iishe.

Na mimi nikwambie la kwangu, tuwe sawa. Nilipoisoma barua yako nilipaswa kufurahi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na si kwa furaha. Nilitaka aje kwa kuwa nimemwita mimi dada yake. Sasa atakuja kwa kuwa umemtuma wewe, na kila jioni nitakapomfungulia mlango nitakuwa namfungulia mtu ambaye uliufuta mji wenu mzima ili apite. Mimi sijawahi kumfanyia jambo kubwa hivyo, pamoja na miaka yangu yote saba ya kuvusha barabara. Nimempata, wifi, na bado ni wako.

Wifi yako